Gari Lililofumbwa Jicho

Mimi nikipanda gari siwezi kutulia. Nakaa nusu kiti, shingo nimeinyoosha, nasikiliza. Mke wangu ananivuta shati, ananiambia, "Mzee, gari si lako, tulia." Siwezi. Injini ikibadili sauti kidogo tu, hata kama ni dereva amekanyaga klachi, moyo wangu unakwenda mbio. Watu wanadhani ni ugonjwa. Si ugonjwa. Ni watu wawili walionifanya hivi, na wote wawili nawajua kwao.

Majina sitaji. Mmoja ameshakufa na mwingine ana watoto wanaotembea mjini humu. Lakini kazi zao nitazitaja, na mtu akijiona humu, shauri yake. Tena darasa nililoishia ni la nne, kwa hiyo anayetafuta maneno ya kupamba akatafute kwingine.

Wa kwanza ni tajiri. Alikuwa na duka la nafaka karibu na soko la Shinyanga, mtu wa msikitini, watu wake walitokea Tabora. Mdomo wake ulikuwa laini kama mkate uliochovywa chai. Alikuwa na pikapu moja nzee, ya rangi ya majani makavu, iliyopita mikono mingi kabla ya kufika kwake, na mimi ndiye niliyekuwa naiendesha. Miaka hiyo, mwanzo wa themanini, tulikuwa tunapeleka mchele na dagaa kwenye machimbo ya dhahabu, kule Kahama inapoanza kuitafuta Geita, na tukirudi tunachukua abiria, wawili mbele na wengine nyuma juu ya magunia matupu.

Dashibodi ya gari lile haikuwa na mengi ya kusoma. Geji ya petroli ilishakufa zamani, tulikuwa tunapima kwa kijiti. Geji ya joto ilisema kweli siku ikitaka. Zilizobaki ni taa mbili ndogo nyekundu, kila moja kama punje ya mtama: moja ya chaji, moja ya oili. Ukifungua ufunguo zinawaka zote mbili. Ukipiga starta injini ikashika, zinazima zote mbili. Basi, hiyo ndiyo ilikuwa elimu yangu. Ile ya chaji ikiwaka njiani, betri haipati kitu, lakini unaweza kufika unakokwenda. Ile ya oili ikiwaka, oili haipandi juu, chuma kinasaga chuma, na hapo huulizi mtu, unazima.

Na oili yenyewe ilikuwa wapi? Wanaokumbuka miaka ile wanakumbuka. Sabuni hakuna, sukari kwa foleni, na oili ya injini ilikuwa kitu cha kusikia kuwa fulani anayo. Tajiri yeye alikuwa na ndugu kwenye kiwanda cha kukamua mbegu za pamba. Siku moja nikamkuta uani kwake na madebe mawili, ananiambia, "Dereva, sampo yako imekauka, si umelia wiki nzima? Weka hii."

Nikachovya kidole, nikanusa. "Tajiri, haya ni mafuta ya kupikia."

"Mafuta ni mafuta. Yanateleza, hayatelezi?"

"Yanateleza."

"Basi weka."

Yaliwekwa. Wenye madebe uani walikuwa wengi wakati ule, yeye hakuwa peke yake katika mji. Mafuta ya pamba kwenye sufuria ni kitu kizuri. Kwenye injini yanakwenda siku chache vizuri, kisha yanaanza kuiva. Yanakuwa mazito kama ute wa bamia, halafu kama gundi, na ile gundi inakwenda kukaa kwenye chujio kule chini ya sampo, lile beseni la oili chini ya injini, ambako pampu inavutia. Pampu inavuta, haipati. Haya nayajua sasa. Wakati ule nilichojua ni kwamba moshi wa gari ulikuwa unanukia maandazi. Abiria walicheka sana. Tukipita mtu anauliza, "Mbili shilingi ngapi?"

Kisha taa ya oili ikaanza. Mwanzoni ilikuwa ikipepesa tu nikisimama, nikikanyaga resi inazima. Baadaye ikawa inapepesa hata kwenye mwendo.

Sasa hapa ndipo penye jambo la kwetu. Huku Usukumani jicho jekundu si jicho. Wako bibi vizee waliokatwa mapanga usiku vitandani mwao kwa sababu macho yao ni mekundu, na jirani akasema ni wachawi. Watu wameyaona haya, hawaambiwi. Siku moja pale stendi ya Kahama, abiria mmoja aliyekaa mbele, kijana wa machimboni mwenye viatu vipya, akaiona ile taa inapepesa. Akaitazama tena, akasema, "Dereva, gari lako lina jicho jekundu."

Alisema kwa mzaha, lakini wa nyuma wakasikia. Mmoja akateremka akidai anakwenda kununua sigara. Mwingine akateremka kumfuata wa sigara. Kufumba na kufumbua nimebaki na mchuuzi mmoja wa dagaa, mama mtu mzima aliyekuwa mteja wetu wa siku nyingi. Macho yake mwenyewe yalikuwa mekundu kama pilipili zilizoiva.

"Mama, wewe huogopi?" nikamuuliza.

"Niogope nini, ng'wanone?" Ng'wanone kwa Kisukuma ni mwanangu. "Mimi macho yangu haya ni moshi. Kuni hakuna, napikia mavi ya ng'ombe maisha yangu yote. Mtu akiona jicho jekundu angeuliza jikoni kunapikwa na nini. Hawaulizi. Wanatafuta panga."

Nilipomweleza tajiri kwamba taa ya oili inawaka na chini pameziba, hakusikia pameziba. Alisikia abiria wameteremka. Hilo lilimuuma kweli. Akanituma nipeleke gari kwa fundi.

Fundi huyu ndiye wa pili. Alikuwa na karakana yake chini ya mabati, nyuma ya mashine ya kukoboa, na sifa yake ilikuwa kwamba hakuna gari lililomshinda. Nikamwambia nataka sampo ifunguliwe, chujio lioshwe, mafuta ya pamba yatoke. Akasema sawa, nenda kanywe chai. Niliporudi alikuwa anafuta mikono.

"Tayari," akasema. "Nimeitibu."

"Umefungua sampo?"

"Wewe washa."

Nikafungua ufunguo. Taa mbili zikawaka. Nikapiga starta, injini ikashika, taa mbili zikazima. Nikaiacha injini izunguke polepole, pale ambapo siku zote ilikuwa inapepesa. Kimya. Haikupepesa hata mara moja. Lakini masikio yangu yakawa yanasikia kitu kingine, ko, ko, ko, chini kabisa, kama mtu anayebisha mlango wa jirani. Nikatazama chini ya gari. Vumbi la sampo lilikuwa vilevile, hakuna nati iliyoguswa.

Nikaenda kwa tajiri nikamwambia gari hili siendi nalo machimbo. Alikuwa anapima maharage, hakuinua uso.

"Taa imezima?"

"Imezima."

"Sasa wewe unataka nini tena? Uliniletea taa, nimeitengeneza. Sasa unaniletea sauti. Kesho utaniletea ndoto."

"Tajiri, injini inagonga."

"Dereva mwoga ni mzigo kuliko mchele," akasema. "Acha ufunguo hapo mezani."

Niliuacha. Baada ya mwezi na kitu, kwa kuwa kazi haikuwepo na watu wote walikuwa wanakwenda huko, na mimi nikaenda kuchimba.

Sitaeleza uchimbaji, kila mtu huku ana ndugu aliyechimba. Shimo tunaliita duara, na duara letu lilikuwa limeteremka mpaka mtu wa juu anaonekana kama kuku. Mvua ilikuwa inaanza kunyesha nyesha, udongo umeshiba maji. Asubuhi moja ukuta wa upande ukashuka. Sikufunikwa wote. Kifusi kilinishika kuanzia gotini kwenda chini, mguu wa kulia, na ndani ya kifusi kulikuwa na jiwe. Wenzangu walinitoa kwa mikono na majembe. Nilipoutazama mguu nilitazama mara moja tu.

Mmoja wetu aliwahi kuwa mhudumu wa zahanati kabla ya kufuata dhahabu. Akakata kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, akafunga juu ya goti, akakaza kwa kijiti mpaka damu ikasimama. Akanishika kidevu ili nimtazame. "Sikiliza. Mpira huu umeokoa roho yako, lakini unaua mguu. Ukifika hospitali Kahama mchana huu, wanaweza kuuokoa. Jua likizama bado uko njiani, mguu hakuna. Umenielewa?"

Nilimwelewa. Mguu wangu, mimi mtu wa kazi za mikono na miguu, mke nyumbani, ulikuwa umepewa muda mpaka jua lizame.

Wakakimbia kutafuta gari. Pale machimboni siku ile lilikuwepo gari moja tu. Nilipobebwa kwenye mlango walionichomolea kibandani, kabla sijaliona nililinusa. Maandazi.

Tajiri mwenyewe alikuwepo, amekuja na mchele wake. Nisimsingizie, hakusita. Alipoona mguu alisema, "Mpakieni, mpakieni haraka, maskini," akashusha magunia yaliyobaki ili nipate nafasi. Dereva mpya alikuwa kijana wa Kahama, ameoa karibuni, mpole, mwenye adabu. Akanisalimu hata pale nilipolala: "Shikamoo kaka. Vumilia, tutafika." Nikaona yule mama wa dagaa anapanda nyuma bila kuombwa, anakaa, anaweka kichwa changu mapajani mwake. Wenzangu wa duara walitaka kupanda pia, tajiri akawazuia ili gari liwe jepesi.

Tukaondoka. Nimelala chali juu ya mlango, mgongo wangu uko karibu na chuma cha gari, na nakwambia hakuna dashibodi inayosema kama mgongo. Kila kinachotokea kwenye injini kilikuwa kinaniingia mifupani. Ile sauti ya jirani sasa ilikuwa inabisha mlango wangu. Tukipanda, KO KO KO. Tukishuka, inapungua. Maumivu ya mguu nilikuwa nayo, lakini akili yangu ilikuwa kwenye ile sauti, inakwenda na kurudi.

"Mama, gonga kibanda cha dereva. Mwambie asimame."

"Tulia ng'wanone, unapoteza nguvu."

"Mama, gonga."

Akagonga kwa kiganja juu ya kibanda. Gari likasimama, kijana akaja mbio nyuma akidhani nimekufa.

"Taa ya oili inawaka?" nikamuuliza.

"Hapana kaka. Zimezima zote. Natazama kila wakati."

"Ukifungua ufunguo inawaka?"

"Inawaka vizuri. Injini ikishika inazima. Hiyo sauti niliisikia tangu nilipopewa gari, tajiri akasema ndiyo sauti yake."

Tajiri naye akashuka. "Kuna nini? Jua hilo linakwenda. Na mawingu hayo, unayaona? Mvua ikitukuta kwenye mbuga hatutoki." Alikuwa anasema kweli. Mbele yetu kulikuwa na mbuga ya udongo mweusi, na upande wa ziwa mbingu ilikuwa imeshaiva.

Nikamwambia kijana, "Zima injini. Fungua ufunguo bila kuwasha. Zinawaka mbili?"

"Zinawaka."

"Sasa fungua boneti. Ubavuni mwa injini, chini, kuna swichi ndogo ya oili, imechomekwa waya mmoja. Chomoa ule waya. Mama, wewe chungulia dashibodi utuambie."

Maana taa ile, kama ni mkweli, umeme wake unapita kwenye ule waya. Ukiuchomoa, lazima izime. Isipozima, inakula umeme kwingine.

Mama akashuka, akaingiza kichwa dirishani. Kijana akachomoa waya, akaja nao nyuma, akaunyanyua ili nione. Ulikuwa mfupi kama mkia wa mbuzi. Umekatwa, hauendi popote, umeachwa pale kwa sura tu.

"Bado zinawaka," mama akasema. "Zote mbili. Hakuna iliyofumba."

Kijana akafuata waya wa taa yenyewe kwa mkono nyuma ya dashibodi. Taa ya oili ilikuwa imeungwa kwenye waya wa taa ya chaji. Zilikuwa zinawaka pamoja na kuzima pamoja kama mapacha, na ya oili ilikuwa haijui lolote kuhusu oili. Fundi alikuwa ameiacha iwake mwanzoni na kuzima baadaye, ili dereva aone kila kitu kiko sawa. Angeing'oa kabisa, mtu angeshtuka. Huyu aliifundisha kusema uongo kwa adabu.

Kijana akasimama na ule mkia wa waya mkononi. "Tajiri, ulijua?"

Tajiri akatazama mawingu. "Hayo tutazungumza Kahama."

"Twende polepole," nikasema. "Gia ya pili, resi kidogo. Ikipata moto tunapumzika, tunaendelea. Hivyo itafika."

"Na mvua?" akasema tajiri. "Wewe ndiye unayekufa hapo nyuma, halafu wewe ndiye unayesema polepole? Mimi naharakisha kwa ajili yako."

"Ukikimbiza itanoki, injini itapasuka."

"Miezi mingapi unasema itanoki? Imenoki?" Akamgeukia kijana. "Hili gari la nani?"

"Lako, tajiri."

"Basi endesha. Kimbiza tuvuke mbuga."

Kijana alinitazama. Akasema taratibu, "Kaka, nifanye nini?" Hakungoja jibu, maana lilikuwa halina faida. Mwenye gari alikuwa ameshapanda na kufunga mlango.

Tukaingia mbugani kwa kasi. Mama alinibana kichwa kwa mikono miwili. Nilisikia sauti inapanda, inakuwa haina nafasi kati ya ko moja na nyingine, kisha inakuwa mlio mmoja. Halafu ukaja mpasuko, magurudumu ya nyuma yakakaza, gari likateleza ubavu na kusimama. Chuma kilitoboa ubavu wa injini, na mafuta ya pamba yakamwagika kwenye udongo, meusi, mazito. Yalinukia kama asubuhi ya kwenye mgahawa. Kijana aliweka paji la uso juu ya usukani. Tajiri alishuka, akazunguka gari, akazunguka tena. Kisha mvua ikatufikia.

Jua hatukuliona lilipozama, kwa sababu ya mawingu. Nililitafuta sana. Nilikuwa namwuliza mama, "Limezama?" na yeye ananijibu, "Bado, ng'wanone," hata pale nilipokuwa siuoni tena uso wake. Kijana alikimbia kwa miguu, viatu mkononi, mpaka kwenye mji wa mkulima wa pamba, akarudi na mkokoteni wa ng'ombe. Ng'ombe wale walituvuta kwenye tope usiku wote. Kahama tulifika watu wanasalimiana mwangaluka ya asubuhi, wanakwenda kazini. Daktari aliutazama mguu, akaugusa kwa nyuma ya kidole, akaniuliza kama nina ndugu wa karibu wa kutia idhini.

Tajiri alikuja wodini baada ya siku kadhaa. Alikuja na wazee wawili, machungwa na kanzu safi. Alikaa, akaniombea dua ndefu, wazee wakaitikia. Kisha akasema, "Ajali haina kinga. Ni amri ya Mungu, tuipokee."

"Mungu hana bisibisi," nikamwambia.

Mzee mmoja akakohoa. Tajiri akanishika mkono, akainama karibu, sauti yake laini kama siku zote. Polisi watakuja, akasema. Kijana alikimbiza gari bovu, amevunja mali ya mtu na amempotezea mtu mguu. Wewe sema ulivyoona: alikuwa anakimbiza. Si uongo. Wazee hawa wamekuja tusameheane, mambo yaishe.

Na kweli haukuwa uongo. Ndivyo walivyo watu hawa, wanakata waya mahali usipoona halafu wanakuonyesha taa. Nikatoa mkono wangu mkononi mwake. Nikawaambia wale wazee, kwa heshima, kwamba machungwa nayapokea kwa sababu ni yao, lakini mkono wa tajiri siupokei. Katika mila zetu na zao, mtu aliyeletewa wazee akakataa mkono, amesema neno kubwa. Walinisihi. Sikukubali. Mpaka anazikwa sikuushika, na watu wa sokoni walinisema kwa hilo kuliko walivyowahi kumsema yeye.

Fundi nilimtumia mtu amwulize. Jibu alilorudisha lilikuwa fupi: "Niliambiwa nizime taa. Taa haikuzima?"

Polisi alikuja na kalamu. Nikamweleza kuanzia madebe uani, taa, sampo yenye vumbi, waya uliokatwa. Alisikiliza kwa uvumilivu. Nilipomaliza akauliza, "Aliyekuwa anaendesha ni nani?" Nikaanza upya kuanzia madebe. Akainua kiganja. "Mzee, mambo ya waya ni ya fundi na mwenye gari, wamalizane. Mimi nauliza nani alikuwa ameshika usukani."

Kijana alinyang'anywa leseni. Alikuja kuniaga kabla ya kurudi kwao kulima, amevaa shati lilelile la siku ya mbugani, limefuliwa lakini tope la mbuga halikutoka lote. Wodi ilikuwa imejaa, viti hakuna, na alisimama muda mrefu akizungusha kofia. Nikampigia godoro kumwonyesha akae. Akatazama, akaona upande ule wa kitanda uko mtupu, shuka limelala bapa. Akasita. Kisha akakaa hapo.